Mahindi Ndani ya Moteri

Tonton, mjomba wangu, husikiliza gari kwa meno. Anachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, ncha anaitega juu ya moteri inayonguruma, mpini anauuma, halafu anafumba macho kama mtu anayengoja komunyo. Mtetemo unapanda kwenye chuma, unaingia kwenye meno, unafika kichwani. Wapita njia wa mtaa wetu wa Nengo wasiomjua husimama kushangaa. Mi huwaambia hicho ndicho chakula chake cha mchana, na kwamba mkewe amepumzika kupika tangu mzee agundue utamu wa vyuma.

Lakini meno yana mpaka wake. Gari likiwa limesimama, Tonton anajua hata silinda ipi imeamka vibaya. Gari likiwa linapanda mlima, yeye ndiye ameshika usukani, na hakuna mtu anayeweza kuendesha huku ameinama ameuma moteri. Hapo inabidi kutumia masikio, na masikio ya Tonton yalikufa nusu huko Goma, miaka ile alipokuwa akinyoosha mabati ya magari kwa nyundo kuanzia asubuhi hadi jioni. Sauti nzito anazisikia. Nyembamba hazimfikii: mbu, filimbi ya refa, mkewe akiuliza sabuni imekwenda wapi. Yeye mwenyewe hakubali.

"Minasikia vizuri," anasema. "Minataka tu mutu mwingine naye asikie, tusiwe na ubishi."

Huyo mtu mwingine nilikuwa mimi. Miaka miwili mizima, kila Jumamosi na kila likizo, mi ndiye niliyekuwa sikio la Tonton. Shuleni nilikuwa wa thelathini na nne kati ya arobaini, na mwalimu wa hesabu aliniambia kichwa changu kinafaa kuvalia kofia tu. Lakini nikifika kwenye karakana ya Tonton, ile ya mabati iliyo nyuma ya nyumba yake, mafundi wenye mvi walininyamazia nisikilize. Sijui kama kuna kijana mwingine Gisenyi nzima aliyewahi kunyamaziwa na watu wakubwa.

Gari lililotukutanisha tuliliita Mwamerika. Milango miwili, kapo, yaani boneti, ndefu kama kitanda cha wageni, silinda nane, rangi ya marakuja, yaani pasheni, iliyoiva ikapitiliza. Liliachwa Goma na mnunuzi mmoja wa kahawa aliyesema anakwenda Ulaya wiki mbili; wiki hizo hazijaisha hadi leo. Tonton alilipata kwa kubadilishana na pikapu yake, akalivusha mpakani likiwa linavutwa kwa kamba, na wabebaji mizigo wakikimbia pembeni wakilipigia makofi kama maiti ya mfalme.

Tatizo la Mwamerika lilikuwa kuwahi na kuchelewa kwa moto. Naomba mnivumilie hapa, maana bila hili hamtaelewa ubaya nilioufanya. Ndani ya silinda, cheche lazima iruke kidogo kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu petroli haiungui yote papo hapo. Moteri ikienda polepole, cheche inaweza kujivuta. Moteri ikikimbia, cheche lazima iwahi zaidi. Kuwahi huko ndiko tunakoita avansi. Kinachopima kuwahi huko ni delko, kile kikopo kinachogawia moto buji zote, zile zinazorusha cheche. Ndani ya delko kuna vizito viwili vya chuma vilivyofungwa kwa resori, yaani springi, mbili ndogo. Moteri ikishika kasi, vizito vinataka kutupwa nje, resori zinavizuia. Resori nyepesi inaachia mapema. Resori ngumu inaachia shingo upande.

Tonton aliuchora mchezo huo kwa chaki ukutani. Mstari unaanza chini, unapanda, halafu unalala. Aliuita mulima, na kila jozi ya resori ilikuwa na mulima wake: mmoja mkali kama ukuta, mmoja wa wastani, mmoja wa wazee na wajawazito. Resori zenyewe zilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga.

"Bale benye kutengeneza hii gari," Tonton alisema, "batengeneza mulima ya kwao, kule inchi iko sawa kama meza mpaka unachoka. Sisi tutafutie yeye mulima ya hapa."

Kweli, hapa kwetu hata uwanja wa mpira wa shule una upande wa juu na upande wa chini, na timu inayopata upande wa juu huanza kusherehekea kabla ya filimbi.

Sasa, moto ukiwahi kupita kiasi, petroli inalipuka huku pistoni ikiwa bado inapanda. Zinakutana katikati kama mbuzi wawili kwenye daraja. Hapo moteri inatoa sauti kavu, nyembamba, kama punje za mahindi zinazoanza kuruka kwenye sufuria. Ukiendelea kukaanga, unatoboa pistoni. Kazi yangu ilikuwa kukaa kiti cha mbele, dirisha wazi, kichwa nje kama mbwa wa mzungu, gari likipanda barabara ya Ruhengeri. Nikisikia ile sauti nasema neno moja tu.

"Mahindi!"

Tonton anaondoa mguu. Tunageuza, tunarudi chini, anafungua delko, anabadilisha resori moja au anasogeza kikopo kwa upana wa ukucha. Tunapanda tena. Kuna Jumamosi tulipanda mara kumi na moja. Wanawake wa kuuza karoti pale kwenye kona walianza kutuuliza tumepoteza nini.

Halafu akaja yeye.

Alikuja mwezi wa tatu, na mvua, kutoka Tanzania, upande wa Karagwe, ambako familia yao ilikuwa imebaki baada ya wakimbizi wengine wote kurudi. Ni binti wa mama mukubwa wangu, yaani ni dada yangu, na Tonton ni mjomba wetu sote wawili. Amenizidi miezi minane. Kwa sababu ya miezi hiyo minane aliniita "mdogo wangu" mbele za watu, mi nikiwa nimemzidi urefu kwa kichwa kizima na shavu.

Alifika karakana begi likiwa bado begani, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, mjomba."

Tonton hajawahi kupewa shikamoo maishani. Sisi wa kutoka Goma tunasemaga jambo, tunashikana mikono, imeisha. Alimtazama, akanitazama mimi, akajibu, "Asante."

Niliangua kicheko hadi nikakaa juu ya betri. Lakini siku ya pili Tonton alikuwa amekwisha kuulizia. Akaitika "Marahaba!" kwa kifua, kama waziri. Siku ya tatu alitoka nyumbani mapema kuliko kawaida, akajipitisha mbele ya mlango wa dada mara mbili ili asalimiwe. Mi nilikuwa nimemsalimia mzee huyo kwa miaka kumi na sita na hakuwahi kunitafuta.

Ningevumilia shikamoo. Lililoniua ni la siku ile ile ya kwanza. Mwamerika alikuwa ananguruma pale, mi nikiwa nimekaa juu ya tairi tangu asubuhi nikijifanya daktari. Yeye hata begi hakuweka chini.

"Mjomba, samahani. Silinda moja haichomi. Nadhani ni plagi ya huku nyuma, kulia."

"Plagi ni nini?" Tonton akauliza.

"Buji," nikasema. "Anasema buji. Na anadanganya."

Tonton akafungua buji ya nyuma, kulia. Ilikuwa imelowa petroli chapachapa, nyeusi kama kisigino changu. Akainua macho.

"We ulijifunzia wapi?"

"Baba alikuwa akitengeneza malori ya kahawa. Mimi nilikuwa namshikia taa."

Kumshikia taa! Watu wote duniani wameshika taa. Mi mwenyewe nimeshika taa hadi mkono ukafa ganzi. Hakuna aliyenitazama vile Tonton alivyomtazama yule siku ile.

Nilianza vita vya kistaarabu. Nilimtilia chura ndani ya begi lake la shule. Akamtoa kwa mikono miwili, akamwambia "Shikamoo, babu," akamrudisha hadi ziwani kwa miguu, na njia nzima watoto wa mtaa wakamfuata wakicheka naye, si kumcheka. Nilimwambia kwamba hapa Gisenyi rejeta hujazwa maji ya moto ya chemchemi za Nyamyumba. Akajibu, "Mdogo wangu, na wewe nenda ukayachote basi, ufunguo wa baiskeli huu hapa." Nilijaribu kumwiga anavyosema "tafadhali," nikashtukia mama yangu ananipongeza kwa adabu mpya.

Mwezi wa tano Tonton alimpa kopo la resori alishike. Kopo langu! Mi ndiye niliyelisugua, mi ndiye niliyeandika juu yake MUSIGUSE. Mwezi wa sita dada alikaa kiti cha mbele siku niliyokuwa na mtihani. Niliporudi nilikuta chaki mpya ukutani: mulima wa nne, mzuri, umelala pale unapotakiwa kulala. Nilitaka kuufuta. Sikuufuta, nikauchorea pembe za ng'ombe na mkia.

"Nani alifanya hivi?" Tonton akauliza.

"Labda ni mulima wenye kuzaa," nikasema. Dada akacheka kwa dhati, na hata hilo lilinikera. Mtu unayemwonea wivu hapaswi kucheka mzaha wako, anakuharibia kazi.

Basi, dada yangu mkubwa, yule tuliyezaliwa naye nyumba moja, alikuwa anaolewa mwezi wa nane. Bwana harusi na watu wake wanakaa huko juu, na kanisa lao liko juu huko huko. Kwa hiyo bibi harusi angepandishwa kwa gari kutoka kwetu hadi mlangoni mwa kanisa. Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa, barabara ile ndiyo kwanza imerudi kupitika hadi juu kabisa bila mtu kuaga nyumbani kama anayekufa, na kila familia yenye harusi ilitaka kupanda kwa honi na taa zimewashwa mchana kweupe. Tonton alitangaza kwamba Mwamerika atampandisha bibi harusi bila kurudi vitesi vya kwanza, yaani gia namba moja, hata mara moja. Akapachika resori mbili nyepesi, mulima mkali kama ukuta, ili gari liondoke kwa nguvu likiwa limejaa.

Kisha akatupangia.

"Ndani kutaingia batu batano. Mimi, bibi harusi, bamama babili, na sikio moja." Akainua kidole. "Moja tu. Jumamosi tutapanda sisi batatu, tujaribu. Mwenye kusikia muzuri, ndiye atakaa mbele siku ya ndoa."

Nadhani mnaelewa maana yake. Kiti cha mbele cha Mwamerika, harusi ya dada yangu mimi mwenyewe, mji mzima umesimama barabarani, na wanafunzi wenzangu thelathini na watatu walionizidi darasani wananiona napita. Au napita nyuma, juu ya pikapu ya wanakwaya, nikimtazama mtu wa Karagwe amekaa mahali pangu na mkono umetoka dirishani.

Jumamosi ilifika. Mi mbele, yeye nyuma katikati, ameinamia kati ya viti viwili na ameziba kinywa kwa kiganja ili pumzi yake isimsumbue. Tulipita kona ya wauza karoti. Mlima ukaanza. Tonton akakanyaga.

Nilisikia. Naapa kwa mama, nilisikia vizuri kuliko siku zote. Punje mbili, kimya, punje tatu. Mahindi ya kwanza, yanaanza tu kujigeuza kwenye mafuta. Nilifungua kinywa, na katika ule muda wa kufungua kinywa yeye akasema:

"Mjomba, inagonga."

Alinitangulia kwa pumzi moja.

Tonton hakuondoa mguu. Alinitazama mimi. "We unasikia?"

Ningeweza kusema "ndiyo, na mi nimesikia." Lakini jamani, mnajua inavyosikika hiyo? Ni sauti ya mtoto wa mwisho anayenyoosha mkono baada ya jibu kutolewa.

"Hapana, Tonton," nikasema. "Ni bati ya gari iko inacheza, kwa gurudumu la nyuma. Tangu juzi."

"Mjomba, si bati. Ni injini."

"Bati za Tanzania zinaliaga namna gani?" nikamuuliza. "Zinasema shikamoo?"

Tonton alicheka. Punje zikaendelea kuruka chini ya kicheko chake na yeye hakuzisikia hata moja. Dada hakubishana tena. Alinitazama kwenye kioo kidogo cha katikati, hakukasirika, alinichunguza tu, kama anavyochunguza buji.

Tulipofika juu Tonton akazima gari. "Dada yako iko na sikio muzuri," akaniambia. "Lakini weye niko na weye miaka mbili. Hujanidanganyaka."

Basi nikapata kiti.

Siku ya harusi nilivaa koti la baba lililokunjwa mikono na tai ya shule iliyogeuzwa ndani nje. Dada yangu alijaza kiti cha nyuma chote kwa gauni. Mama yangu na mama mukubwa aliyekuja kwa harusi walibanwa huku na huku, vichwa tu vinaonekana, kama mayai kwenye pamba. Kwenye buti kulikuwa na masanduku, keki, na kreti za fanta. Petroli ilikuwa ya bidoni, yaani ya madumu, haijulikani imechanganywa na nini, ya mtu wa mpakani pale Petite Barrière, kwa sababu vituo vilikuwa vimekauka wiki hiyo. Dada wa Karagwe alipanda nyuma ya pikapu pamoja na wanakwaya. Tulipompita nilitoa mkono dirishani. Naona aibu kuandika kwamba niliupunga.

Mji ulisimama kweli. Wenzangu wa darasa waliniona kweli. Nilikuwa mfalme kwa dakika labda sita.

Punje ya kwanza iliruka kabla hatujafika hata kwenye karoti. Halafu haikuwa punje tena, ilikuwa sufuria nzima. Gari zito, jua kali, petroli ya bidoni, mulima mkali kama ukuta: kila kitu kilikuwa kinakaanga. Nyuma mama zetu walikuwa wanaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi kwao na honi zilikuwa zinalia, kwa hiyo hakuna aliyesikia isipokuwa sikio moja, lile lililopewa kiti kwa kazi hiyo.

Na nilinyamaza.

Nilikuwa najua nikisema "mahindi" sasa, Tonton ataniuliza mbona Jumamosi hayakuwepo. Nikaanza kupiga mahesabu, mimi wa hesabu mbaya: hadi kile kibao cha njia panda, akivuka kibao mwinuko unapungua, yatanyamaza yenyewe. Hadi ule mti wa mkaratusi. Hadi ile nyumba ya bati jipya. Tonton alikuwa anatabasamu na kupiga vidole kwenye usukani. Alinitupia jicho moja la kuniuliza, na mi nikamwinulia kidole gumba.

Kwenye nyumba ya bati jipya sikuweza tena. Nilipiga kelele hadi wimbo ukakatika.

"Mahindi! Tonton, mahindi!"

Akaondoa mguu papo hapo, bila kuuliza, kama kawaida yetu. Moteri ikajibu kwa mlio mmoja kama mtu aliyedondosha sahani, moshi wa buluu ukajaa barabara, na Mwamerika akajivuta hadi pembeni akakaa.

Sasa fikirieni picha hiyo. Bibi harusi katikati ya barabara, gauni mikononi, viatu vyeupe kwenye vumbi, na nyuma yetu msururu mzima wa honi uliokuwa bado unashangilia kwa sababu watu wa nyuma hawakujua. Pikapu ya wanakwaya haikuwa na nafasi hata ya mbuzi. Aliyetuokoa ni mkulima wa Busasamana, pikapu yake imejaa magunia ya viazi. Walitandika kitenge juu ya magunia, wakampandisha dada yangu. Kabla hajaondoka aliinama akanitazama, shela limeanguka puani.

"We sikio," akasema. "Siku utaoa, mi nitakubeba kwa ngorofani ya kusukuma na mikono, juu ya kabichi. Unanisikia? Hiyo usiseme haukusikia."

Walikwenda. Alifika kanisani amechelewa saa nzima na viganja vinanuka udongo, na bwana harusi alimchukua hivyo hivyo. Mi sikufika. Nilibaki na Tonton kando ya barabara, na dada wa Karagwe alishuka kwenye pikapu akabaki pia, bila kuombwa, na gauni lake la kukopa.

Tonton alisubiri moteri ipoe. Akafungua buji moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya leso yake nyeupe ya harusi. Ya tano ilikuwa imepondeka mdomo. Zile nyingine zilikuwa nzima, lakini kwenye kauri zake nyeupe kulikuwa na vidoadoa vinavyong'aa, kama magamba ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwenye mikono ya mwanamke wa sokoni. Ni pistoni hizo, zinayeyuka kidogo kidogo na kurukia buji. Magamba hayo yalikuwa mengi, mengine yamekwisha kuungua yakawa meusi. Si ya dakika kumi.

Tonton akazisoma zote saba. Hakuuma kitu.

"Tangu lini?" akaniuliza.

Mi ni mtu wa majibu. Nimewahi kumwambia mkurugenzi wa shule kwamba nimechelewa kwa sababu volkano ilinisimamisha kuniomba kibiriti. Pale nikatoa lile la kweli.

"Tangu Jumamosi," nikasema.

"Na dada yako alisema."

"Alisema."

Akazifunga buji kwenye leso. "Bon," akasema.

Ningependa angenipiga. Baba ana mkanda, mama ana kandambili, mwalimu ana fimbo; zote nazijua na nina mzaha wa kila moja. Hiyo "Bon," "haya basi" ya Kifaransa, sina mzaha wake hadi leo. Nilimtazama dada nikitumaini angalau yeye atasema, "si nilisema?" Yeye alikuwa anakusanya nati zilizoviringika chini ya gari, na gauni amelikunja magotini.

Kutafuta pistoni ya Mwamerika huko Goma kulichukua wiki saba. Mi niliosha vyuma. Niliosha kila kipande kwa petroli hadi vidole vikababuka, na Tonton alinisemesha kama anavyomsemesha mteja: lete, weka, asante. Kopo la resori lilikaa upande wa dada. Ukutani, ule mulima mkali ulifutwa, pakabaki alama ya kitambaa.

Siku gari lilipokuwa tayari, Tonton alimfungulia dada mlango wa mbele. Mi niligeuka nikaanza kuelekea nyumbani, nikipiga mluzi ili nionekane nina shughuli.

"We," Tonton akaita. "Unaenda wapi? Ingia nyuma."

Kiti cha nyuma cha Mwamerika hakina dirisha la kufunguka. Kinanuka viazi, sijui kwa nini, labda ni dhamiri yangu tu. Nilijibana kati ya viti viwili, mahali alipokuwa amekaa dada ile Jumamosi, na nikagundua kitu ambacho sikukijua kwa miaka miwili: pale katikati, chini karibu na sakafu, moteri inasikika vizuri kuliko mbele. Mbele unasikia upepo na utukufu wako.

Tukapita karoti. Mlima ukaanza. Resori za wastani, watu watatu, petroli safi. Tonton akakanyaga.

Moja. Nyembamba kama sindano. Sikuwa na hakika. Ya pili, nikawa na hakika.

Nilimtazama dada kwenye kioo cha katikati. Alikuwa amesikia. Namjua, shingo yake hukaza upande mmoja akisikia. Kinywa kilikuwa wazi kidogo, neno liko pale pale kwenye meno. Na hakusema. Alikuwa ananitazama kwenye kile kioo, amesubiri, ameinua nyusi kama mtu anayekushikia mlango.

Hapo ndipo nilipomwonea wivu kuliko siku zote zingine. Sikio, shikamoo, kopo, mulima wa nne, hayo yote ningeweza kuyasamehe kidogo kidogo. Lakini kukaa kiti cha mbele, umesikia wa kwanza, halafu kumwachia mwingine? Mi nisingeweza. Nilijijua kabisa pale chini kati ya viti: mi nisingeweza. Na tayari lilikuwa limeshafanyika, amenishinda tena, na sikuwa na muda hata wa kununa maana pistoni mpya ilikuwa inakaangwa.

"Mahindi," nikasema.

Tonton akaondoa mguu.